Rejista ya Shule Inapoingia Kwenye Kompyuta: Namna ya Kuchagua Programu Iliyo Salama

Makala hii ni kwa walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi wa Busia zote mbili, Malaba na Tororo, hasa wale ambao shule zao zina watoto wakimbizi. Inahusu jambo ambalo zamani lilimalizwa kwa kununua daftari kubwa na kufuli ya kabati, yaani mahali pa kuweka majina ya wanafunzi na habari zao.

Siku hizi muuzaji huja ofisini na kompyuta ndogo mkononi. Huonyesha jinsi ripoti za muhula zinavyotoka kwa dakika moja, jinsi karo inavyohesabiwa na jinsi mzazi anavyotumiwa ujumbe kwenye simu. Mwalimu mkuu hupendezwa, na ana haki ya kupendezwa, maana kuandika kwa mkono ripoti za wanafunzi mia saba ni mateso. Lakini kabla ya kutia sahihi kuna swali moja la kuuliza: majina hayo yakishaingia humo, ni nani mwingine atakayeweza kuyasoma?

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO HAPA MPAKANI

Wenyeji wanakumbuka. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Walipata hifadhi ya muda karibu na mpaka, kisha wengi wakapelekwa kituo cha Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye kuna waliohamishiwa makazi ya Kiryandongo. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule. Mtoto anayekimbia usiku habebi barua ya uhamisho. Kwa hiyo kumbukumbu zilihitajika sana, ili mtoto wa darasa la sita asije akarudishwa la tatu. Lakini kumbukumbu hizo hizo zilikuwa na hatari ndani yake. Katika majuma yale watu walisakwa kwa makabila yao, na mara nyingi jina la baba linatosha kulitaja kabila.

Rejista ya shule ina jina la mtoto, jina la mzazi, mahali walipotoka, mahali wanapolala sasa na namba ya simu. Ukizitazama moja moja ni habari za kawaida. Zikiwekwa pamoja zinakuwa njia ya kuifikia familia.

Wala hatari hiyo haingoji vita. Tuseme mama ametoroka mume anayempiga huko Bungoma, akahamia kwa dada yake Tororo na kuwaandikisha watoto shule iliyo jirani. Mume akipata rafiki mwenye neno la siri la programu ya shule ile, hahitaji kumuuliza mtu njia. Vivyo hivyo kwa mzazi kutoka Kongo au Sudan Kusini ambaye aliyemtishia kwao ana ndugu huku.

Kuna watakaosema kwamba hao wezi wa mitandaoni hawana haja na shule ya mabati ya mpakani. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba taarifa za watu zaidi ya 515,000 zilikuwa zimeingiliwa. Hao hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji na maafa, yaani watu wa namna ya wasomaji wa karatasi hii. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Novemba 2021, kupitia kasoro ya programu ambayo dawa yake ilikwisha kutolewa na mtengenezaji lakini ilikuwa haijawekwa kwa wakati. Shirika kubwa lenye mafundi wengi lilipatwa na hayo kwa sababu ya sasisho moja lililochelewa.

Mfano wa pili ni wa shule zenyewe. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya PowerSchool, ambayo programu yake inatumiwa na shule nyingi sana za Marekani na Kanada, iliibiwa taarifa za mamilioni ya wanafunzi na walimu. Mwizi hakuvunja kitu. Aliingia kwa neno la siri halali lililokuwa limeibwa, kupitia mlango wa mafundi wa huduma kwa wateja. Kampuni ililipa fedha ili taarifa zifutwe, na hata hivyo mwezi Mei 2025 baadhi ya mamlaka za shule zilianza kutishwa upya kwa kutumia taarifa zile zile.

KWANZA PUNGUZA UNACHOANDIKA

Watu wengi huanza kwa kulinganisha programu. Sisi tunashauri kuanza na karatasi na kalamu ya wino mwekundu. Chukua fomu ya kuandikisha mwanafunzi, pitia kila mstari na ujiulize: tukikosa habari hii, ni kazi gani ya shule itakwama? Ukikosa jibu, futa mstari huo. Habari ambayo haikuandikwa haiwezi kuibiwa, na kufuta mstari hakugharimu shilingi ya upande wowote.

Mstari wa kabila unastahili kufutwa kwanza. Hapa sheria za nchi zetu mbili hazifanani, na ni vizuri mwalimu aijue tofauti hiyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu asili ya kikabila, afya, imani, alama za mwili na hata majina ya watoto na wazazi wa mtu kuwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha, nayo ya mwaka 2019, ina orodha yake ya taarifa maalumu: imani ya dini, msimamo wa kisiasa, maisha ya kimapenzi, hali ya fedha na habari za afya. Kabila halimo. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuletea Tororo fomu yenye mstari wa kabila akidai kwamba sheria haikutaja kitu. Jibu lako liwe kwamba shule haikihitaji, basi. Upande wowote wa mpaka, taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria yenyewe inapoagiza zichukuliwe.

Habari za afya zinahitaji busara. Mwalimu wa darasa anapaswa kujua kwamba mtoto fulani ana pumu au kifafa. Habari za virusi vya UKIMWI hazina nafasi katika programu ambayo kila mwalimu anaifungua. Namba ya mkimbizi pia haifai kukaa kwenye orodha ya darasa. Kama kuna shirika linalowalipia watoto karo na linaihitaji namba hiyo, iwekwe kwenye orodha ya pekee, kwa mwalimu mkuu na karani mmoja tu.

Tunajua kwamba wakimbizi wengi wamezoea kuandikishwa hata hawaulizi tena. Uganda, kati ya Machi na Oktoba 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waliwahakiki wakimbizi upya kwa alama za mwili. Mzazi aliyepitia meza nyingi za namna hiyo huona meza ya shule kuwa nyingine tu. Hiyo si ridhaa. Mwelezeni kwa lugha anayoisikia nini kinaandikwa na kwa sababu gani.

MIFUMO YA SERIKALI

Ipo mifumo ambayo shule haichagui. Kenya ilianzisha NEMIS mwaka 2017, ikampa kila mwanafunzi namba yake na kudai cheti cha kuzaliwa, na watoto wa mpakani wasio na cheti walijua ugumu wake. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kuhamia mfumo mpya uitwao KEMIS. Uganda ina EMIS yake, na mwanafunzi hupewa namba iitwayo LIN. Mtoto anayelala Busia ya Uganda na kusoma Busia ya Kenya anaweza kujikuta na namba mbili, au asiwe na hata moja.

Hapo mwalimu hana la kuchagua, lakini ana la kulinda. Neno la siri la shule la kuingilia mfumo wa serikali lisibandikwe ukutani, wala asipewe kijana wa saiba kuendelea na kazi peke yake huku mwalimu akienda kunywa chai.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Swali la kwanza ni taarifa ni mali ya nani. Mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu ni za shule na za wazazi, na kwamba kampuni ni mtunzaji tu, hairuhusiwi kuziuza wala kuzigawa. Akikuambia programu ni ya bure kabisa, muulize anakula nini. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza mwaka 2022 programu za masomo zilizotumika wakati wa korona katika nchi 49, likakuta karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa na mwenendo uliohatarisha au kukiuka haki za watoto. Nyingi zilikuwa zikiwafuatilia watoto na kupeleka habari zao kwa kampuni za matangazo. Hatusemi kila cha bure ni kibaya. Kuna programu za bure ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa fundi yeyote kuyakagua, kama DHIS2 iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo ilijulikana kwanza katika idara za afya za nchi zetu na sasa ina sehemu ya elimu. Lakini hiyo inafaa zaidi ofisi ya wilaya au shirika lenye fundi wake kuliko shule moja.

Pili, taarifa zinakaa wapi? Neno "mtandaoni" si jibu. Taarifa za mtandaoni zinakaa katika mashine fulani, katika nchi fulani, chini ya sheria fulani. Kwa shule za Kenya jambo hili lina uzito wa sheria: kanuni za mwaka 2021 zinataka taarifa za elimu ya awali na ya msingi zishughulikiwe katika mashine iliyoko Kenya, au angalau nakala moja inayofanya kazi ikae Kenya. Kwa shule za Uganda, taarifa zikienda nje ni lazima nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua ule wa Uganda, au mhusika awe ameridhia. Kwa hiyo shirika lenye shule pande zote mbili lisidhani kwamba mkataba uliotiwa sahihi Busia moja unatosha Busia ya pili.

Tatu, mwambie akufungulie programu mbele yako kama mwalimu wa kawaida, si kama mwalimu mkuu. Hili ndilo jaribio tunalolipenda kuliko mengine, maana halihitaji ufundi. Je, mwalimu wa darasa la nne anaona darasa lake tu, au anaona shule nzima na simu za wazazi wote? Je, kila mwalimu ana jina lake la kuingilia, au wote hutumia moja? Programu ambayo walimu kumi na wawili wanaingia kwa neno moja la siri haiwezi kukuambia ni nani aliyebadilisha alama za mtihani wala ni nani aliyepiga chapa orodha ya wazazi. Programu nzuri huweka kumbukumbu ya kila aliyefungua na saa aliyofungua. Tena iwe na hatua mbili za kuingia: kwanza neno la siri, kisha namba ya muda inayopatikana kwenye simu ya mwenyewe. Na ulizeni kama mafundi wa kampuni wanaoweza kuziona taarifa zenu nao wanadaiwa hatua hizo mbili.

Nne, siku tukiachana itakuwaje? Kampuni hufungwa, bei hupanda, wafadhili huondoka. Shule iweze kutoa kumbukumbu zake zote katika faili la kawaida linalofunguka kwa Excel au LibreOffice, na kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba imefuta zake. Muuzaji anayesitasita hapa amekwisha kukujibu.

UMEME, SIMU NA KOMPYUTA ZILIZOCHOKA

Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya jiji huona intaneti kama maji ya bomba. Huku mpakani simu inaweza kudaka mtandao wa nchi ya pili bila kuambiwa, na ukatozwa bei ya mgeni ukiwa umekaa ofisini kwako. Tena programu nyingi hutuma ile namba ya muda kwa laini ya nchi moja tu. Mwalimu wa Malaba mwenye laini ya Uganda anaikosa, anaazima laini ya mwenzake, na kuanzia siku hiyo ulinzi wote uko mfukoni mwa mwenzake. Jaribuni programu kwa wiki mbili kwa laini mnazotumia kweli kabla ya kulipa. Ikiwezekana chagueni inayotoa namba hiyo kwenye simu yenyewe bila kungoja ujumbe, na inayofanya kazi bila mtandao na kupeleka taarifa mtandao ukirudi.

Kompyuta za msaada tunazishukuru, lakini tazameni umri wake. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Programu salama ndani ya kompyuta isiyopata masasisho ni kama mlango wa chuma kwenye ukuta wa udongo. Mashine za zamani zinaweza kuwekewa Linux bila malipo. Kama hakuna wa kuiweka, mashine hiyo ibaki ya kufundishia watoto kuchapa, isiwekwe majina ya mtu.

KAMA SHULE HAINA FEDHA YA PROGRAMU

Shule ya wanafunzi mia mbili haina haja ya kuona haya. Jedwali la kawaida la Excel au LibreOffice linatosha, likifungwa sawasawa. Lakini walimu wengi hukosea hapa. Kuna namna mbili za kulifunga jedwali. Ya kwanza huzuia mtu asibadilishe maandishi. Hiyo si ulinzi, mwenye ujuzi mdogo huiondoa kwa dakika chache. Ya pili hudai neno la siri kabla faili halijafunguka, na hapo maandishi yote hugeuzwa kuwa herufi zisizosomeka mpaka neno hilo liandikwe. Tumieni ya pili. Neno la siri liwe refu, kwa mfano maneno manne au matano yasiyohusiana, wala lisiwe jina la shule na mwaka. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, kwa sababu likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua.

Nakala ya akiba iwekwe kwenye flashi iliyofungwa vivyo hivyo, na ikae nyumba tofauti na kompyuta. Mwizi akichukua mkoba wenye kompyuta na flashi pamoja, mna nini tena? Flashi hiyo isipelekwe saiba kupiga chapa. Mashine za saiba huacha faili ndani yake na nyingi zina virusi. Kama ni lazima mpige chapa huko, pelekeni orodha ya majina peke yake, na mwalimu asimame hapo mpaka mwisho na kulifuta faili yeye mwenyewe.

Daftari la karatasi nalo si aibu. Wavamizi wa mbali hawalifikii. Hasara yake ni moto, mvua na mchwa, na pia halina nakala, jambo ambalo waliokimbia wanalielewa bila kuelezwa.

VIKUNDI VYA WHATSAPP NA PICHA

Shule inaweza kununua programu bora kabisa, kisha karani akaipiga picha orodha ya watoto waliofadhiliwa na kuitia kwenye kikundi cha wazazi mia tatu ili "kurahisisha kazi". Tunaamini kwamba habari nyingi za watoto hutoka kwa njia hii kuliko kwa wavamizi. Orodha za karo, za afya na za wakimbizi zisipite huko kamwe.

Picha ni vivyo hivyo. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisi watu wa mashirika tuna deni hapa pia, maana tunapenda picha ya mtoto anayetabasamu na daftari jipya. Mzazi akikataa mtoto wake asipigwe picha, msaada wake usipungue hata senti.

JAMBO LIKIHARIBIKA

Kompyuta ikiibwa au neno la siri likivuja, msifiche. Badilisheni maneno ya siri siku hiyo hiyo na andikeni ni taarifa gani zilikuwamo. Kenya, shule inapaswa kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua, pale ambapo kuna hatari ya kweli kwa wahusika. Uganda, taarifa hutolewa mara moja kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U. Kama kuna familia ambayo mnajua inafichwa kwa sababu ya usalama, mwalimu mkuu aifikie mwenyewe kwanza, kabla ya kujaza fomu yoyote, na aliarifu shirika linaloshughulikia ulinzi wa familia hiyo.

Mzazi naye ana haki zake katika nchi zote mbili. Anaweza kuomba aonyeshwe kilichoandikwa juu ya mtoto wake na kudai kisahihishwe. Jina likiandikwa kwa herufi tofauti Kenya na Uganda, usumbufu hutokea wakati wa kuandikishwa mtihani, na hapo muda huwa umekwisha. Nendeni mapema, mkiwa na cheti chochote mlicho nacho. Mtoto akihama shule, ombeni barua ya uhamisho yenye darasa na alama zake, iliyopigwa chapa. Barua hiyo itolewe nakala mbili, zote zigongwe mhuri, na moja ibaki kwa mzazi.